Nani atasoma kinyama? Kazi ya Donald Gleason na kampeni zetu za tezi dume

Kampeni za kupima tezi dume zimezoeleka sasa. Hema hupigwa kwenye uwanja wa mpira au nje ya hospitali ya mkoa, wanaume wa miaka hamsini na kuendelea huitwa kwa kipaza sauti, damu huchukuliwa bure, na mtangazaji wa redio hamalizi kipindi bila kutia mzaha wa kidole. Mzaha huo umeshachosha, ila umefanya kazi yake: aibu imepungua, na kwa kuwa siku hizi wengi huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA, kisingizio cha zamani cha kuogopa kidole cha daktari kimekosa nguvu. Kisichosemwa hemani ni hatua inayofuata. PSA haisemi kwamba mtu ana saratani. Ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, na hupanda kwa saratani, kwa uvimbe wa kawaida wa uzee, na kwa maambukizi yanayotibika kwa vidonge. Ikipanda na ikabaki juu, daktari bingwa wa mfumo wa mkojo huingiza sindano kwenye tezi na kuchukua vinyama, mara nyingi kumi na viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita moja au mbili na unene usiofika milimita moja. Vinyama hivyo hutiwa kwenye vichupa vya formalini na kupelekwa maabara. Huko ndiko inakoamuliwa kama mwanamume huyu atakatwa, atapigwa mionzi, atanyimwa homoni za kiume au ataachwa aendelee na maisha yake huku akifuatiliwa. Mwamuzi ni mwanapatholojia, daktari ambaye bango la kampeni halimtaji. Hoja yangu ni kwamba nchi inayowaita wanaume kwa maelfu kupima PSA kabla ya kujua nani atasoma vinyama vyao imepanga kazi kinyume, na kwamba ushahidi mzuri kuliko wote wa hoja hiyo umo katika kazi ya mwanapatholojia mmoja wa Marekani, Donald Gleason, ambaye jina lake huandikwa kila siku katika majibu ya hospitali za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa bila wagonjwa kujua kwamba alikuwa mtu.

Wasomaji wengi wa magazeti yetu humfahamu mwanapatholojia kama daktari wa mochwari. Hutajwa pale mwanasiasa anapofariki ghafla au familia inapodai uchunguzi wa mwili wa ndugu yao aliyefia mahabusu. Ni sehemu ya kazi, lakini ni sehemu ndogo. Wengi wao huwahudumia watu walio hai wasiowaona kamwe: kinyama cha titi, cha shingo ya kizazi, cha utumbo, cha tezi. Kabla hakijafika kwenye hadubini, kinyama hupita mikono mingi. Lazima kilowe kwenye formalini ya kiwango sahihi kwa muda unaotakiwa, kikaushwe maji, kizamishwe kwenye nta iliyoyeyushwa, kikatwe kwa mashine yenye wembe mkali kuwa utando wa unene wa maikroni nne au tano, kibandikwe kwenye kioo, kisha kitiwe rangi mbili, moja ya zambarau kwa viini vya seli na nyingine ya waridi kwa kinachovizunguka. Fundi akikosea hatua moja, hakuna bingwa duniani atakayesoma alichoachiwa. Kinyama kilichokaa siku nzima bila formalini kwa sababu dereva hakupatikana kimeshaharibika kabla ya mtaalamu kuwasha taa ya hadubini yake, na mwenyewe itabidi achomwe sindano upya.

Gleason alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Iowa, akakulia Litchfield, mji mdogo wa Minnesota, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Minnesota, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akaitumia katika hospitali ya serikali ya wanajeshi wa zamani mjini Minneapolis. Haikuwa hospitali ya kujitafutia umaarufu. Mwaka 1962 mkuu wa kitengo cha mfumo wa mkojo hospitalini hapo, George Mellinger, alimwomba atengeneze utaratibu wa kuzipanga saratani za tezi dume kwa madaraja. Mellinger alikuwa akiongoza utafiti mkubwa ulioziunganisha hospitali kadhaa za wanajeshi wa zamani, na alikwama mahali ambapo kila mtu alikuwa amekwama: saratani mbili zenye jina moja zilifanya mambo tofauti kabisa. Mzee mmoja aliishi nayo miaka ishirini akafa kwa moyo. Mwingine wa rika lake alizikwa ndani ya miaka miwili, uti wa mgongo umeliwa. Madaraja yalikuwapo tangu zamani, hata mengi kupita kiasi, maana karibu kila profesa alikuwa na la kwake, na wengi walikazia macho kiini cha seli, ukubwa wake na weusi wake. Hawakuafikiana.

Uamuzi wa kwanza wa Gleason ulikuwa kupunguza nguvu ya lenzi. Badala ya kuchungulia seli moja moja, alitazama mpangilio wa vijitezi katika eneo zima la kioo, sawa na mtu anayeutazama mtaa kutoka kilimani badala ya kuingia nyumba kwa nyumba. Tezi dume iliyo nzima imejaa vijitezi vyenye nafasi baina yao. Saratani huvunja mpangilio huo kwa hatua, na hatua hizo alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Mchoro huo wa rangi nyeusi na nyeupe bado unachapishwa katika vitabu vya udaktari. Katika daraja la kwanza na la pili vijitezi ni vya mviringo na vimekusanyika pamoja kwa utaratibu. La tatu, kila kijitezi bado kinajitegemea lakini vimeanza kupenya katikati ya vijitezi vizima. La nne, vimeungana na kuwa kitu kimoja chenye matundu matundu. La tano hakuna kijitezi tena, ni seli zilizotawanyika au mafungu yanayooza katikati. Uamuzi wa pili ulikuwa wa kijasiri zaidi. Aliona kwamba kinyama kimoja mara nyingi kina mipangilio miwili bega kwa bega, na badala ya kushika ule mbaya peke yake kama desturi ilivyotaka, alirekodi yote miwili: ule uliotawala na ule unaoufuata. Jumla yake ndiyo iliyozaa alama ya Gleason, kutoka 2 hadi 10.

Lakini mchoro hata uwe mzuri vipi ungebaki maoni ya mtu mmoja kama kusingekuwa na hatua ya tatu, na hapa ndipo penye somo kubwa la kazi yake. Gleason alisoma vioo bila kujua mgonjwa alipatwa na nini baadaye. Majibu yake yalikabidhiwa kwa mwanatakwimu, John Bailar, aliyeyalinganisha na rekodi za vifo. Mipangilio iliyoonekana tofauti machoni lakini ikawa na vifo sawa iliunganishwa. Iliyotofautiana katika vifo ilibaki peke yake. Ikaonekana pia kwamba wagonjwa wenye mipangilio miwili walikufa kwa kiwango cha katikati, kati ya kile cha mpangilio mzuri na kile cha mpangilio mbaya. Kujumlisha namba mbili, jambo ambalo lingeweza kuonekana ni mzaha wa hesabu, kulitokana na makaburi. Taarifa ya kwanza ilihusu wagonjwa 270 na ilichapishwa mwaka 1966. Mwaka 1974 Gleason na Mellinger walirudi na wagonjwa 1,032, na picha ilikuwa ileile. Ushahidi wao ulipata nguvu ya ziada kwa sababu ambayo leo kamati za maadili zingeihoji kwa makini: baadhi ya washiriki wa utafiti ule walipewa vidonge visivyo na dawa, hivyo ilionekana wazi saratani yenyewe hufanya nini isipoguswa. Na kinyume na matarajio, utafiti huohuo uligundua kwamba waliopewa miligramu tano kwa siku za homoni ya kike ya kutengenezwa, tiba iliyosifiwa sana wakati huo, walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 1966 Charles Huggins alipokea Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba saratani ya tezi dume hutii homoni. Aliistahili. Ila katika mwaka huohuo, ndani ya jarida lililosomwa na wachache, kulikuwa na karatasi fupi ya kurasa nne ikieleza namna ya kumtambua anayehitaji tiba na asiyeihitaji, na dunia haikuipigia makofi.

Ilichukua takriban miaka ishirini. Mwaka 1987, Gleason akiwa ameshastaafu, waandishi saba wa tahariri katika jarida kuu la madaktari wa mfumo wa mkojo nchini Marekani walipendekeza alama yake itumike katika maandiko yote ya kitaalamu kuhusu saratani hii. Alifariki Desemba 2008, akiwa na miaka 88. Kufikia hapo utaratibu wake ulikuwa umeenea duniani, na wakati huohuo ulikuwa unarekebishwa na wanapatholojia wa kizazi kilichofuata, Jonathan Epstein wa Johns Hopkins akiwa mstari wa mbele. Rangi mpya za maabara zilizoonyesha seli za msingi za kijitezi zilibainisha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichoitwa daraja la kwanza hakikuwa saratani kamwe. Mwaka 2000 Epstein aliwaonya wenzake waache kutoa alama za 2 hadi 4 kwenye vinyama vya sindano. Mikutano ya kimataifa ya mwaka 2005 na 2014 ilisogeza mipaka zaidi. Matokeo yake ni kichekesho kinachowaumiza wagonjwa: kipimo kinachosomeka kama cha kumi kinaanzia sita. Mwanamume anaambiwa ana sita kwa kumi, anadhani amevuka nusu ya njia kuelekea kaburini, kumbe amepewa alama ya chini kabisa. Ndiyo maana yakaja makundi matano, yaliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016: kundi la kwanza ni alama ya 6 kushuka chini, la pili ni 3 jumlisha 4, la tatu ni 4 jumlisha 3, la nne ni 8, la tano ni 9 na 10. Aliyesoma hesabu ya darasa la pili atashangaa kuona 3 na 4 zikitenganishwa na 4 na 3. Vifo na marudio ya ugonjwa ndivyo vilivyozitenganisha. Katika uchunguzi wa wanaume zaidi ya 20,000 waliofanyiwa upasuaji, miaka mitano baadaye PSA ilikuwa haijarudi kupanda kwa asilimia 88 ya kundi la pili, lakini kwa asilimia 63 tu ya kundi la tatu. Kundi la kwanza walikuwa asilimia 96, la tano 26.

Nimezitaja namba hizo kwa sababu ndizo zinazobeba hoja. Mwaka 2012 Hillary Ross na wenzake walikagua rekodi za tezi 14,123 zilizoondolewa kwa upasuaji na kupewa alama isiyozidi 6. Ni wagonjwa 22 tu walioandikwa kuwa na saratani kwenye matezi ya limfu, na vioo vilivyopatikana viliposomwa upya, kila kimoja kilikuwa na daraja la juu kuliko lililoandikwa. Yaani saratani ya alama 6 iliyosomwa sawasawa karibu haisafiri kabisa. Uingereza nao walifuatilia wanaume 1,643 waliopangwa kwa bahati nasibu katika makundi ya kufuatiliwa, kupasuliwa au kupigwa mionzi, wengi wao wakiwa na alama ya 6. Baada ya miaka 15, wote kwa pamoja, waliokufa kwa saratani ya tezi dume walikuwa 45, chini ya asilimia 3, na tofauti kati ya makundi haikuwa na uzito wa kitakwimu. Kilichotofautiana ni maisha ya kila siku: waliopasuliwa walivuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume zaidi. Sasa fikiria mwanamume wa Morogoro au Kisumu ambaye kinyama chake kimesomwa kwa haraka na kuandikwa neno saratani tu, bila daraja. Daktari mwangalifu hawezi kumwacha. Atapasuliwa au atapigwa mionzi, familia itauza kiwanja, na huenda alichokuwa nacho ni kile ambacho wanaume wa Uingereza walikaa nacho miaka kumi na tano. Jirani yake, aliyeandikiwa neno lilelile, ana 4 jumlisha 5, na amewekwa kwenye foleni ileile.

Marekani ilipitia njia hii na kuumia. PSA iliruhusiwa kwa kugundua saratani mwaka 1994, wanaume wakamiminika, na saratani ndogondogo zikatibiwa kwa nguvu zote. Mwaka 2012 jopo la taifa la kinga lilishauri kipimo hicho kiachwe kwa wanaume wote wasio na dalili. Mwaka 2018 lililegeza kamba, likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe na madaktari wao. Kilichobadilika katikati si kipimo cha damu, ambacho ni kilekile. Ni kwamba madaktari walikuwa wamejifunza kuamini alama ya chini na kumfuatilia mgonjwa badala ya kumkata. Uchunguzi wa PSA ulianza kuvumilika pale usomaji wa kinyama ulipoaminika. Nchi hiyo ilikuwa na wanapatholojia wa kutosha tangu siku ya kwanza, na bado iliwachukua miongo miwili. Sisi tunataka kuanza bila wao.

Atakayepinga ataanza na swali zuri: mtu huyu mnayemtegemea, jicho lake ni la kuaminika? Gleason mwenyewe aliripoti kwamba alipovirudia vioo vyake vya zamani alitoa alama ileile takriban nusu ya mara, na kwa asilimia 85 hivi alikuwa ndani ya tofauti ya alama moja. Mwaka 2001 wanapatholojia wa kawaida 41 wa jimbo la Georgia walipewa vinyama 38 vilivyokwisha kuafikiwa na mabingwa wa tezi dume. Maafikiano yao yalikuwa ya wastani tu, na kosa lililojirudia lilikuwa kushusha daraja. Ni udhaifu wa kweli na haufai kufichwa. Lakini tazama udhaifu huo unatuelekeza wapi. Mabingwa walipopewa vioo vyao waliafikiana vizuri zaidi, na mafunzo mafupi ya picha yaliboresha usomaji wa wale wa kawaida. Basi jicho hufundishika, ubingwa wa kiungo kimoja una faida inayopimika, na mtu anayesoma tezi dume mbili kwa mwezi akiwa peke yake katika mkoa mzima ana kila sababu ya kukosea. Anayesema usomaji unayumba, kwa hiyo tusiupe uzito, amesahau kwamba kinyama cha mgonjwa kitasomwa tu, vizuri au vibaya.

Na usomaji ukiyumba, hata takwimu za taifa huyumba nao. Mwaka 2005 Peter Albertsen na wenzake walichukua vioo vya wanaume 1,858 wa Connecticut waliogunduliwa kati ya mwaka 1990 na 1992, wakavisoma upya kwa kanuni mpya. Wastani wa alama ulipanda kutoka 5.95 hadi 6.8. Wagonjwa ni walewale, tarehe zao za kufa ni zilezile, ila sasa kila daraja lilionekana kuwa na vifo vichache kuliko zamani. Sababu ni kwamba waliohamishwa kutoka 6 kwenda 7 walikuwa wabaya kuliko wote katika sita na wazuri kuliko wote katika saba, hivyo kuhama kwao kulisafisha makundi yote mawili. Hakuna aliyeongezewa siku ya kuishi. Waziri yeyote wa afya anayetaka kusimama bungeni na kusema matibabu yameboreka anapaswa kwanza kuuliza nani alisoma vinyama vya miaka kumi iliyopita.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mazingira yetu. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika saratani imeshaingia kwenye mifupa, PSA imepita mamia, na mzee hawezi kusimama. Kwa mgonjwa wa namna hiyo madaktari wakati mwingine huanza tiba ya homoni au kuondoa korodani bila kusubiri kinyama, na sidhani wanakosea. Ila hao siyo wanaolengwa na kampeni. Lengo la hema lile uwanjani ni kumpata mtu kabla hajafika hapo, mtu ambaye bado anatembea na hana maumivu. Kampeni ikifanikiwa kama inavyotamaniwa, wagonjwa watakaoongezeka ni wale hasa ambao daraja ndilo linaloamua kila kitu. Na wataongezeka. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya duniani watapanda kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 mwaka 2040, sehemu kubwa ya ongezeko ikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa sababu watu wake wanaishi zaidi na kuzeeka. Daftari la saratani la Kampala, miongoni mwa ya zamani kabisa barani Afrika, limeonyesha saratani hii ikipanda kwa miongo. Si bahati mbaya kwamba daftari hilo lililelewa na idara ya patholojia ya Makerere. Hata kujua kwamba tuna tatizo tumekujua kupitia kwao.

Wapo wanaosema kompyuta itatuokoa. Kuna cha kusema hapo. Shindano la kimataifa lililoitwa PANDA lilitumia picha za vinyama 10,616 vya tezi dume, na programu bora ziliafikiana na mabingwa kwa kiwango ambacho wanapatholojia 41 wa Georgia wangekionea wivu. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu programu ya kwanza ya namna hiyo kumsaidia mwanapatholojia kusoma. Nchi yenye upungufu wa macho haina sababu ya kuidharau teknolojia hii. Ila programu zile zilifundishwa kwa vioo vya Nijmegen na Stockholm, vilivyoandaliwa na mafundi waliobobea, na zikapimwa kwa vioo vya Marekani na Ulaya. Hazijui kinyama kilichokaa Jumamosi na Jumapili kwenye joto la Tanga. Zinahitaji mashine ya kuchanganua kioo, umeme usiokatika, na mtu wa kusema hapana pale kompyuta inapoona saratani mahali penye uvimbe wa kawaida. Kila jibu zinalotoa lilitoka kwanza kwa mwanapatholojia aliyewekea picha alama. Nazitaka, lakini zitamsaidia aliyepo, hazitamwajiri asiyekuwapo.

Suala la fedha nalipitia haraka, kwa kuwa ndilo dhaifu kuliko yote. Husemwa kwamba nchi zenye malaria na vifo vya uzazi haziwezi kuwekeza kwenye hadubini za wazee. Meza ya patholojia haichagui. Nta ileile, wembe uleule na rangi zilezile husoma shingo ya kizazi na titi, saratani zinazowaua mama zetu. Rwanda ilipofungua kituo cha saratani cha Butaro mwaka 2012, kaskazini mwa nchi, mbali na Kigali, haikusubiri kuwa na kila kitu. Vinyama vilikuwa vikipelekwa Boston kusomwa, kisha maabara ikajengwa palepale, mafundi wakafunzwa, na picha za vioo zikaanza kutumwa kwa mtandao pale ushauri ulipohitajika. Patholojia ilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba tangu mwanzo. Gharama kubwa zaidi ni muda: miaka mitano ya shahada ya udaktari kwa Tanzania, mmoja wa mafunzo ya vitendo, mitatu ya umahiri, na baada ya hapo bado hujapata mtu aliyebobea kwenye tezi dume. Anayeanza leo atasoma kinyama chake cha kwanza kwa mamlaka kamili karibu muongo mmoja kutoka sasa, wakati makadirio ya Lancet yatakuwa yamepita katikati. Ndiyo sababu ya kutosubiri. Na wanafunzi wa udaktari hawatakimbilia fani ambayo hospitali huiweka ghorofa ya chini, karibu na mochwari, bila kliniki ya kujazia kipato na bila mgonjwa wa kusema ahsante.

Wakati wahusika wanajipanga, kuna mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanaweza kuyadai hata sasa. Majibu ya kinyama cha tezi dume yanapaswa kuonyesha namba zote mbili na siyo jumla peke yake, kundi la kwanza hadi la tano, vinyama vingapi kati ya vilivyochukuliwa vimekutwa na saratani, na saratani imechukua sehemu gani ya kila kimoja. Karatasi iliyoandikwa saratani bila daraja haijakamilika, na daktari anayetaka kupasua kwa karatasi hiyo aombwe kuirudisha maabara. Waandaaji wa kampeni nao waulizwe, kabla hema halijapigwa, majibu ya kinyama hutoka baada ya wiki ngapi, na nani atakayeyawekea sahihi. Kinyama kilichozamishwa kwenye nta hakiozi. Hubaki kwenye kabati la maabara kwa miaka mingi na kinaweza kukatwa na kusomwa tena. Mgonjwa mwenye shaka ana haki ya kuomba kipande hicho au kioo chake kipelekwe kwa msomaji wa pili, awe Muhimbili, KCMC, Bugando, Nairobi au nje ya nchi, kabla ya kukubali kisu. Aombe kwa maandishi, na aandike namba ya maabara iliyo juu ya majibu, kwa sababu bila namba hiyo hakuna atakayekipata kabatini.